Mkeka wa Zaina

Kasongo, Jumanne. Mvua imeacha, bati bado linadondosha. Nina furaha mbaya moyoni.

Kaka yangu Amisi amenipigia simu asubuhi kutoka Kabambare. Hajawahi kunipigia tangu tuhame. Mjukuu wake ana tumbo gumu na weusi kuzunguka macho, na vijana wa mtaa wanasema babu ndiye anayemla kichawi. Amejificha kwa imamu.

"Mudogo wangu, watanichoma. Mwambie binti yako Mwamini aseme ile iko ugonjwa, haiko bulozi."

Nilicheka. Peke yangu, kwa sauti.

Mwanangu Juma alikufa na macho hayohayo. Kwetu, mama wa marehemu hukaa katikati ya mkeka wa matanga. Amisi alimshika mke wangu Zaina mkono, akamwinua mbele ya watu wote: "Toka hapa. Ulimukula mutoto." Tukakimbilia Kasongo. Zaina amezikwa huku, na jina lake halijasafishwa.

Binti yetu Mwamini hakusahau. Yuko chuo kikuu, mbali, anachunguza saratani iliyomuua Juma, inayoanzia kwenye neva za watoto wadogo. Anafuatilia protini moja. Protini ni ileile, ila ikibandikwa kipande kidogo cha fosfeti, kazi yake hugeuka. Huenda ndivyo seli inavyoachana na wenzake na kusafiri hadi mifupani, hata nyuma ya macho. Damu ikivuja huko, kope huwa nyeusi. Kuhusu fosfeti bado husema "huenda". Kuhusu macho hana shaka.

Damu. Si mchawi.

Ningeweza kunyamaza. Nimeionja ladha ya kunyamaza hadi adhuhuri, nayo ni tamu.

Nilipomweleza Mwamini, alinikaripia: "Papa, mutoto kwanza! Baba mukubwa atangoja."

Basi mtoto kwanza. Pikipiki imekwenda kumchukua yeye na mama yake, waletwe hospitali huku.

Kisha nikampigia Amisi, nikamwambia: Mtoto akishalazwa, nitakuja mwenyewe. Utatandika mkeka uwanjani palepale ulipomwinua Zaina, uwaite wale wa zamani waliobaki. Wewe utakaa pembeni. Katikati pawe wazi. Utasema kwa kinywa chako kwamba Zaina hakumla mtoto. Ndipo nitakapowaeleza vijana habari ya macho.

Akauliza:

"Na nikikataa?"

"Ubaki na vijana wako, kaka."

Mwishowe akasema atatafuta mkeka.

Uwe mkubwa, nikamwambia. Zaina hakuwa mwembamba.