Kanga na Fimbo Mnadani

Puge, Jumapili jioni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Hatujambo. Mguu wa babu yako umepona na mahindi yameota vizuri. Umeuliza kwa nini kila tangazo la kijiji nalisoma kwa sauti wakati wa kula.

Nilipokuwa nimeolewa karibuni, lilibandikwa tangazo la mnada wa plau. Mvua zilikaribia nasi bado tulilima kwa mkono, nikaenda bila kumwambia mtu. Kila nilipoinua ncha ya kanga, fimbo iliinuka upande wa pili wa umati, na bei ikapanda. Sikukubali kushindwa na fimbo.

Mwishowe dalali akasema, "Mwenye kanga na mwenye fimbo, sogeeni tuonane."

Mwenye fimbo alikuwa baba mkwe. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hiyo plau unayonigombania nakununulia wewe."

Watu walicheka mpaka dalali akakaa chini. Mnunuzi mwingine hakuwepo, dalali akaturudishia bei ya mwanzo. Tuliibeba wawili, yeye mbele, mimi nyuma, tukicheka njia nzima.

Jioni hiyo alinikabidhi kazi ya kusoma matangazo. Kesho nasoma la mnada wa trekta dogo. Mwambie baba yako, kama naye analitaka, aseme mapema.

Akukumbatiaye kwa mbali,
Bibi yako