Mshale wa Kijani Usigeuke

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa furaha niliyonayo ingetosha mtaa mzima. Nimeolewa juzijuzi na fundi wa majokofu, mpenda muziki, mpole kiasi kwamba hata nzi humwomba radhi, tulikutana kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo ambako kila mgeni alivishwa miwani ya ajabu, ukiivaa unaona maneno yakielea juu ya kichwa cha mtu, kazi yake na anachopenda, na mshale wa kijani unakuelekeza kwa mgeni wa kuongea naye, basi wangu ukawapita wote ukatua kifuani kwake, nami muoka keki nikajua huyu ndiye, maana keki bila jokofu ni msiba!

Waandaaji wakatuachia miwani iwe zawadi ya harusi, na nyumbani hatuivui. Shida ni kwamba watu wakishajuana sana, mshale humwacha yule uliyekwisha kumjua ukatafuta mgeni mwingine. Siku mume wangu aliponisimulia utoto wake, ulianza kutikisika ukaelekea dirishani, kwa jirani muuza magodoro! Nikapiga kelele, "Mpenzi, nyamaza, usiniambie zaidi!" Tangu hapo akianza "Nilipokuwa mdogo..." naziba masikio, nami sijamwambia hata ninachoogopa, na mshale umetulia, tunapendana kama tumekutana leo. Sasa mama mkwe kapiga simu: "Mkwe wangu, nakuja Jumamosi na albamu ya picha, nitakusimulia yote." Yote, mshauri! Nimzuieje bila kumvunjia heshima?

Bi Harusi Mwenye Hofu

Mwanangu,

Hongera, na pole. Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuniuliza kama naumwa. Miwani hiyo ni ya watu wasiojuana. Mshale ukigeuka hausemi mumeo hakufai, unasema kazi ya mshale wenyewe imekwisha. Mshenga akishafikisha posa hushukuriwa, akaaga. Habaki kulala chumbani kwa maharusi!

Na leo unataka kumziba mdomo mama wa watu kwa kosa la kumjua mwanawe? Siku mumeo akiugua utamweleza daktari nini, kwamba ni fundi na anapenda muziki?

Rudisheni miwani kwa waandaaji kabla ya Jumamosi. Mama akifika mpokee mizigo, mketishe, fungua albamu mwenyewe, umwulize, "Mama, huyu wako alikuwaje?" Sikiliza mpaka achoke yeye. Kisha mkibaki wawili, mwambie mumeo unachoogopa. Atatafuta mshale wa kumwongoza, hatauona. Itambidi akutazame wewe.