Sauti ya Bi Kiraka

Dada Mwajuma,

Jana tulisoma arobaini yako hapa Buyenzi, na nimekukosea. Ile sheria yako nimeivunja mbele ya watu.

Miaka yote ya vipindi vya watoto vya televisheni, wewe ulikuwa kichwa na sauti, mimi mikono. Tulichuchumaa nyuma ya meza, magoti yanauma, kitenge chako kimenifunika uso, na Bi Kiraka, kikaragosi chetu, yuko juu anagombeza watoto wasionawa mikono. Siku moja nilikosea, mkono wake ukakuna pua. Nikajua leo nafukuzwa. Ukasema, "Acha, ni tabia yake sasa." Lakini nilipoomba kumsemea, mara moja tu, ulikataa katakata: "Apana. We ni mikono. Mikono haisemi." Nilinuna wiki nzima.

Basi jana binti yako alifungua sanduku atoe nguo zako sadaka. Mjukuu wako Shamila akamvuta Bi Kiraka katikati ya vitenge, mdomo wazi, shingo imelegea. Alikuwa hajawahi kumwona hivyo. Hata kwako nyumbani ulimficha mpaka mkono wako uwe ndani. Akauliza, "Na Bi Kiraka amekufa?"

Watu wakainamia sahani zao. Dada, zile kanda zetu zilishafutwa zote, sauti yako haipo popote. Nikaona nikinyamaza na mimi, mtakuwa mmekufa wawili. Nikaingiza mkono kichwani mwa Bi Kiraka.

"Sijafa, we mutoto."

Ilitoka sauti mbaya, imekwaruza. Shamila akakunja uso. "Mbona sauti yako si ile?"

"Nimelia sana," Bi Kiraka akamjibu. Wala hakudanganya.

Mtoto akamtazama weee. Halafu akashika mkono wa Bi Kiraka uliokuwa unaning'inia, akauinua polepole, akamkuna nao pua.

Hapo nililia mbele ya sahani za pilau, bila haya. Wewe ndiye uliyemfundisha, na hukuniambia.

Nisamehe kwa kusema. Bi Kiraka hatukumtoa sadaka. Kila Ijumaa nitapanda basi kutoka Musaga nije kwa Shamila, mimi kichwa, yeye mikono. Nakuahidi hatamwona tena amelegea. Na siku atakayoomba kusema, Dada, mimi nitampisha.

Pumzika sasa.

Mikono yako,
Riziki