Ukurasa Ulioniuliza Kama Mimi ni Mtu

Mtaa wa Tena, Nairobi
17 Oktoba 1999

Kaka yangu mpendwa Kyalo,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa na mvua imeanza kunyesha huko Wamunyu. Mama yetu, Mwaitu, anaendeleaje? Mimi ni buheri wa afya. Barua hii nimeichapa mwenyewe kwenye kompyuta ya kanisa, kwa hiyo ukiona kosa usimlaumu mtu mwingine.

Najua bado huamini kwamba kipofu anaweza kujilisha Nairobi. Mara ngapi umeniambia nirudi nyumbani nikupigie vinyago msasa? Basi nikueleze yaliyonipata juma hili. Utajiuliza kwa nini mtu aliyekuandikia Agosti kwamba ameajiriwa alikuwa bado akihangaikia kazi Oktoba. Vumilia, nitafika hapo.

Bwana Mulama ana ofisi mjini inayochapa hotuba na mikutano kutoka kwenye kanda. Alitujaribu watano, nikawaacha mbali wanne wenye macho. Akasema kazi ni yangu, ila hutumwa kwa barua pepe, hivyo nimpe anwani kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo atamchukua aliyenifuata. Nikaona hilo ni jambo la dakika kumi. Kompyuta ya kanisa ina programu inayonisomea kwa sauti maandishi yote ya kwenye kioo.

Alhamisi nikafungua ukurasa wa kujiandikisha kupata anwani, nikajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu. Mwishoni programu ikanisomea kwamba nichape herufi nizionazo hapo chini, ili wajue anayejiandikisha ni mtu, si mashine. Kisha ikasema "picha" na kunyamaza. Kaka, niliumia. Nimeitwa mengi, lakini sikuwahi kutakiwa kuthibitisha utu wangu kwa macho nisiyo nayo.

Nikamwita Lydiah, karani wa kanisa. Lydiah ni Mkikuyu wa Murang'a, na kwake L na R ni mapacha. Herufi zilikuwa zimepindwapindwa lakini zimejipanga kama jina, naye akalisoma zima zima: Rolaki. Mimi Mkamba, na unajua R inavyotuponyoka, nikachapa nilivyosikia, Lolaki. Ukurasa ukakataa. Ukaleta picha nyingine, nayo tukaikosa. Mara ya tatu ukatufungia hadi kesho yake. Lydiah akasema mashine ni mbovu, mimi nikasema mbovu ni yeye, tukaachana tumenuniana.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ameshafika. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba ataje herufi moja moja kwa vitabu vya Biblia. Akaanza kwa kusema ya kwanza ni ya Ruka. Nikamwambia Biblia yangu haina Ruka. Akacheka mpaka akakaa chini. Basi tukaenda hivyo, ya Luka, ya Ruthu, ya Kutoka, na ukurasa ukafunguka. Saa nne Bwana Mulama alikuwa amepata barua pepe yangu. Ya pili niliwaandikia wenye ukurasa, kwamba mimi ni mtu, na waweke sauti pale penye picha. Hawajajibu. Nitawaandikia tena na tena, vidole ninavyo.

Sasa lile la Agosti. Lilikuwa uongo, Kaka. Ulikuwa umeshapatana na dereva wa lori la vinyago apitie hapa kunichukua mimi na kitanda changu, nikaogopa. Si kwamba nyumbani hamnipendi. Nyumbani mnanikatia hata nyama kwenye sahani, na nilijua nikirudi sitatoka tena. Nimekudanganya wewe uliyenibeba mgongoni hadi shuleni, na kwa miezi miwili nimelala vibaya kwa ajili hiyo. Nisamehe.

Kesho naanza kazi, na safari hii ni kweli. Dereva akitaka aje anisalimie, nitamwandalia chai, lakini kitanda hakitoki Tena.

Msalimie shemeji Kavinya na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Mwaitu mwambie ninamwombea kila siku. Ukimsomea barua hii, usiruke pale pa uongo. Nataka ajue kwamba hata hilo nimelifanya mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Kimanzi