Uliniuliza Watu Wake ni Akina Nani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla hujaitikia nakuomba ukae kitini uvae miwani, maana barua hii si ya kusoma umesimama. Natumaini kifua kimepoa na goti halikusumbui sana asubuhi. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwenye kila kitu, kwa hiyo ukiona mahali mwandiko umepinda, ujue mkono mmoja ulikuwa unaandika na mwingine unamnyang'anya kifuniko cha kalamu.

Baba, wameachiwa! Wote saba! Hivi ninavyoandika mkweo yuko uani anapasua kuni kwa fujo, ingawa nimemwambia apumzike. Anasema mikono ilikuwa imemsahau.

Sasa nikueleze vizuri. Siku habari za kukamatwa kwao zilipotoka gazetini, ulimtuma dereva wa lori aniletee maneno yako. Ulisema kwamba wakati wa posa uliniuliza watu wake ni akina nani nikanyamaza, na sasa serikali imekujibu kwa niaba yangu: ni waasi. Ukasema asikanyage mlangoni pako. Nililia sana, Baba, lakini sikukasirika, kwa sababu swali lilikuwa haki yako. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa sijui. Mkweo hasimulii mambo yake, neno la maana halimtoki mpaka umkamue kama nguo. Aliyenisimulia ni mama mkwe, ambaye tangu walipomfunga mwanawe amekuwa akilala na mimi chumba hiki kimoja, yeye upande wa ukutani, mimi katikati, na mtoto kapuni.

Baba yake mkweo alikuwa mzamiaji wa bandarini. Meli ikitia nanga, yeye huingia chini yake akakwangua uchafu wa baharini ulioganda tumboni mwa meli. Siku moja meli ilikuwa na haraka. Mkubwa wa gati akaamrisha injini iwashwe. Fundi akasema kuna mtu chini. Akaambiwa amri ameisikia. Basi akawasha. Hapo sikusimulii zaidi.

Baada ya mazishi yule fundi alikuja nyumbani kwao akakaa kizingitini, akawa anarudia neno moja tu, kwamba alijua, lakini aliamriwa. Mama mkwe hakumfukuza. Alimpa kigoda, kisha akamwita mwanawe, mdogo bado, akamwambia amtazame vizuri huyo mtu, kwamba si mbaya, ana watoto kama yeye, ila amefanya alivyoambiwa. Nilipomuuliza mama mkwe moyo ule aliupata wapi, alinijibu kwamba haukuwa moyo, alikuwa amechoka tu.

Mama mkwe akamlea mwanawe kwa kufua mashuka ya hospitali. Nimeiona mikono yake, Baba, sabuni imekula mpaka mistari ya viganja. Mtoto alipokua akasema anaingia jeshi la wanamaji, mama yake alimnunia. Akamuuliza kazi za nchi kavu zimeisha? Akajibiwa kwamba huko wanatoa viatu. Ndiyo sababu aliyoitoa, na mpaka leo hajatoa nyingine.

Hao ndio watu wake.

Sasa kuhusu huo uasi. Mto ulipofurika, manowari yao ilitumwa kuwatoa watu wa vijiji vya mlangoni mwa mto. Waliwapakia kwenye tishari lisilo na injini, watoto, wazee na magodoro, wakalifunga nyuma ya meli kwa kamba nene kuliko paja langu. Kufika katikati bahari ikachafuka. Nahodha akaogopa tishari litaizamisha meli, akaamrisha kamba ikatwe. Shoka alikuwa nalo mkweo.

Alilitupa baharini. Kisha akakaa chini, mgongo kwa tishari, kando ya gogo la chuma ilikofungwa ile kamba, na wenzake watano wakaja wakakaa vivyo hivyo kulizunguka. Baba, kamba ile ikikatika yenyewe inampasua mtu vipande viwili, na wote walijua. Nahodha akatoa bastola. Hapo akatokea mpishi wa meli, mzee mnene anayeitwa Sufuria, akiwa na birika mkononi, akamwambia nahodha kwamba chai yake iko jikoni, leo ajimiminie mwenyewe, naye akakaa. Wakawa saba. Nahodha alitukana mpaka sauti ikamkauka, lakini hakufyatua. Wakafika na watu wote hai, na gatini wakatiwa pingu.

Miezi ile ilikuwa mizito. Nilijifungua yeye akiwa ndani. Bombani nilipofika na ndoo, mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa akiwaambia wenzake wampishe mke wa mwasi achote, asije akaliasi bomba. Wanacheka. Mimi nachota, natabasamu, nikifika ndani ndiyo nalia. Tulichoogopa hasa ni hukumu, maana tuliambiwa kwa kosa hilo mtu anaweza asitoke tena.

Mahakamani kulikuwa na maofisa watatu mbele. Nahodha alieleza kwamba kamba ilikuwa imekwisha kuanza kukatika, ndiyo maana akaamrisha. Basi mkubwa wa majaji akaagiza kamba iletwe. Walipoanza kuiingiza, Baba, haikwisha! Askari waliivuta na kuivuta, wakaizungusha sakafuni, jaji akalazimika kuinua miguu, mwandishi akapanda juu ya kiti. Wakaikagua kutoka ncha hadi ncha wasione hata uzi uliochomoka. Wale saba wakaulizwa nani kati yao alianza. Kila mmoja akasema ni yeye. Jaji akauliza kwa hasira kama shoka moja lilitupwa na watu saba. Sufuria akasema yeye angelitupa wa kwanza, ila mikono ilikuwa na birika.

Kisha wakamwita mwanamke mmoja aliyekuwa tisharini. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama anawajua hawa watu. Akasema sura hazijui hata moja. Yule bwana akacheka, akataka kukaa. Mwanamke akaendelea kwamba anaijua migongo. Njia nzima, kila wimbi lilipowainua, alikuwa akimwonyesha mwanawe ile migongo midogo kule mbele na kumwambia bado ipo, bado ipo. Mkweo akageuka akaipa mgongo mahakama. Wenzake wakageuka. Hakuna aliyewaamuru. Yule mama akaitazama, akafunika uso kwa nguo yake, na hata askari wa mlangoni aliangalia dari.

Hukumu ilisema kwamba meli iliyotumwa kuokoa watu haiwezi kuamriwa kuwazamisha, kwa hiyo ile haikuwa amri, na wasioitii hawakuasi kitu. Wakarudishiwa kofia na kazi. Kofia zikachanganyika, mkweo akatoka na ya Sufuria iliyomfika masikioni, na hivyo ndivyo mwanawe alivyomwona baba yake kwa mara ya kwanza. Alicheka, Baba! Mtoto alicheka, na baba yake ndiye aliyelia. Tulipofika nyumbani, yule mpangaji wa mbele alichota ndoo yangu akaitua mwenyewe mlangoni pangu.

Wewe ulikuwa mshika bendera wa reli maisha yako yote, na amri kwako ni amri. Lakini nisamehe nikuulize. Ungeambiwa uinue ya kijani huku unamwona mtu relini, ungeinua? Mimi nakujua, Baba. Usingeinua.

Na sasa shika kiti vizuri. Sijakuuliza hali ya Mama kwa sababu naijua. Hayuko kwa shangazi kumuuguza mguu. Mguu wa shangazi ni mzima kuliko wangu, na samahani, dada yako naye alikuwa anajua. Mama yuko hapa. Ndiye aliyenipokea mtoto mkunga alipochelewa, na kigelegele cha kwanza mahakamani kilikuwa chake, akaonywa, akapiga cha pili. Nilipomwambia kesi imekwisha na wewe uko peke yako, aliketi juu ya kitanda changu akasema hainuki hapo mpaka mumewe aje kumchukua mwenyewe, kwa kubisha hodi mlangoni kwa mkwewe. Nikamwambia huo ni uasi. Akasema ndiyo, na asiyependa aende mahakamani, tutashinda tena.

Kwa hiyo njoo, Baba. Vaa lile shati la bluu, Mama anasema liko chini kabisa sandukuni, usije na koti la reli. Mama mkwe anakusalimu sana na anasema kigoda chako kipo. Mjukuu wako anakuamkia kwa meno yote mawili. Mkweo ameacha kuni sasa hivi kuja kusikia ninachoandika. Anakupa shikamoo, na anasema mlango wetu ni mfupi, uiname ukiingia.

Ni mimi binti yako, nisiyechoka kukutazamia njiani,

Mama wa mjukuu wako