Sikubali Kukaa Chini ya Mansukh

Mpendwa Bi Ummukulthum,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kwa wakili nikatie saini na mkono wangu umegoma. Mie ni Mzanzibari, niko London tangu mwaka wa sitini na nne, nakaa Kilburn na mke wangu Suad, watoto wawili na mama yangu mzazi, vyumba viwili vya kupanga ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba ametupa notisi tuhame mwisho wa mwezi, na kila ninapokwenda kuuliza chumba naambiwa kimeshachukuliwa hata sijavua kofia. Sasa kajitokeza Mansukh, Mhindi aliyehamia mwaka jana kutoka Nairobi lakini kwao khasa ni Unguja, babake alikuwa mpangaji wetu Mkunazini, akiuza vitambaa chini na sisi tukikaa juu, naye kapata nyumba Wembley, ya ghorofa moja na bustani nyuma, akaenda kuomba mkopo peke yake akakataliwa, na mie nilishakataliwa zamani, tukaenda pamoja na mishahara yetu miwili tukakubaliwa, nyumba iwe yetu nusu kwa nusu, na hadi hapo nilikuwa namshukuru Mungu.

Lakini tulipokwenda kuitazama, Mansukh akasema mbele ya mke wangu, "Bwana, nyie chukueni chini, sisi tutapanda juu." Chini, Bi Ummukulthum. Kwetu chini ni pa duka na magunia na watumishi, mwenye nyumba hukaa juu, na wageni wa nyumbani wakija nitawakaribisha vipi huku miguu ya mpangaji wa babangu inatembea juu ya kichwa changu? Hata mkewe Bhanu alinuna, alikuwa anaitaka bustani apande uwatu wake. Nikamwambia Mansukh tubadilishane, akakataa, eti nimuulize mama kwanza. Tangu lini Mansukh akaniamrisha? Suad naye hasemi nami ila "chakula tayari", anadai mama miguu inamuuma, na mama mwenyewe hajalalamika hata siku moja. Je, nitie saini, au nimwachie nyumba yake nibaki na heshima yangu?

Mwana wa Mkunazini, Kilburn

Bwana wa Mkunazini,

Jina lako umelificha vizuri, la Mansukh umelitangaza. Haya. Pole kwa notisi, na pole ya kweli, kwani mie na mume wangu tulifungiwa milango mingi kabla ya kupata pa kukaa huku Hayes. Pole yangu imeishia hapo.

Unataka juu. Juu kuna nini, bwana? Hapa London chini ndiko kwenye bustani, na mtu anatoka nje bila kupanda wala kushuka. Nyumba ya babako huna tena, mie ya babangu sina tena, tumelia sote. Lakini wewe unataka kuipachika Wembley, juu ya nyumba ambayo hata hujaipata. Na hao wageni unaowaogopa wenyewe wamebanana watu sita chumba kimoja. Watakula biriani yako, kisha watakuuliza kama una nafasi ya kuwapangisha.

Unasema mama hajalalamika. Mama zetu hawalalamiki, wanakaa dirishani. Mjini kwetu hapa ni padogo na nimeshakujua, kwa hiyo nitakukumbusha mara ya mwisho alipotoka nje, kwani nilikuwepo. Ilikuwa siku ya Idi, miezi saba sasa. Alishushwa ngazi zote zile kwenye kiti cha jikoni, Suad kashika upande mmoja, jirani yenu Himid upande wa pili, na nyuma alishika Mhindi mmoja aliyekuja kutoa mkono wa Idi, jasho linamtoka. Wewe ulitangulia na mwavuli.

Sasa umeelewa kwa nini Mansukh alikwambia umuulize mama? Mtu amemnyima mkewe bustani kwa ajili ya magoti ya mamako, na wewe umeona umetukanwa. Haya ni mambo ya aibu na nakwambia kama dada yako.

Kwa hiyo saini, na chukua chini. Majina yenu wawili yaandikwe kwenye hati, wakili akusomee kila neno. Ukikaanga samaki funga mlango, harufu isiwapandie wenzako wasiokula. Kipande cha bustani mpe Bhanu kwa uwatu wake, bila kungoja akuombe.

Na Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kwa wakili, mpeleke mama akaione nyumba. Mshushe wewe mwenyewe, Suad apumzike. Mwavuli mpe Mansukh. Ukifika mlango wa barabarani na bado unataka kukaa juu, niandikie tena.