Macho ya Baba

3 Machi

Kaka,
Shikamoo. Wewe na wifi hamjambo? Mimi mzima, ila macho. Nikikaa kwenye cherehani sindano naiona vizuri, lakini mteja akisimama pembeni simwoni mpaka akohoe. Muuza dawa kaniuzia miwani. Jirani anasema ni mvuke wa pasi. Mwingine kasema nile mboga, basi nakula majani kama mbuzi. Wewe ndiye uliyempeleka Baba hospitali. Yake yalianzaje? Daktari alikwambia nini?
Mdogo wako

20 Mei

Kaka,
Shikamoo tena, labda barua ya kwanza ilipotea. Wateja wamepungua, siku nzima naongea na cherehani. Zahanati waliniuliza, "Kwenu kuna aliyepofuka?" Nikasema Baba. "Kwa ugonjwa gani?" Nikasema uzee. Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, kamuulize anayejua." Nakuuliza wewe.
Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,
Marahaba. Barua zote mbili zilifika. Ni presha ya macho. Daktari alisema inatembea kwenye damu, watoto wote tupimwe kila mwaka. Mimi nilipimwa wiki ileile, natumia matone hadi leo. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umefiwa na mume, nikaona nisikuongezee mzigo. Mwaka ukapita, nikaona aibu kusema nimechelewa. Sasa ni miaka saba. Nenda hospitali ya macho kesho, usingoje wiki iishe. Nisamehe.
Kaka yako

2 Julai

Kaka,
Shikamoo. Nilikwenda. Jicho la kulia limekwisha, halirudi. La kushoto ni kama nachungulia kwenye tundu la kufuli, ila wanasema matone yatalishikilia hapo lilipo. Daktari aliuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo. Nikamjibu, nyumbani.

Kuhusu msamaha, sina jibu sasa. Nikilipata nitakuandikia.

Jumapili nilikaa mlangoni penye mwanga kutwa nzima, nikawaandikia watu wa damu yetu: mwanangu, baba mdogo, mabinti wawili wa shangazi. Kila mtu barua yake, na jina la ugonjwa kwa herufi kubwa. Wewe tu ndiye sikuwa na haja ya kukuambia.
Mdogo wako